Wimbo Ule Si wa Sinatra, Mhariri

Mhariri,

Salaam kutoka Kisauni. Jumamosi iliyopita, kwenye ukurasa wa burudani, mwandishi wenu alitoa orodha ya nyimbo laini za kupigwa kwenye karamu za jioni, na ya nne akaandika "Msichana wa Ipanema, wimbo wa Frank Sinatra". Nililiweka gazeti mezani, nikamaliza chai yangu na mahamri mawili, kisha nikalichukua tena nikidhani labda macho ya mzee wa miaka 69 yamenichezea. Macho hayana kosa.

Sinatra, mwimbaji wa Marekani, aliuimba, sikatai. Aliuimba mwaka 1967, wimbo ukiwa umeshatimiza miaka mitano na kuzunguka nusu ya dunia. Aliyeutunga ni Antônio Carlos Jobim wa Rio de Janeiro, Brazil, na maneno yake ya Kireno yaliandikwa na Vinicius de Moraes. Sinatra mwenyewe hakudai kuwa ni wake. Kwenye jalada la santuri ile yako majina mawili, lake na la Jobim, na kati ya nyimbo kumi zilizomo, saba ni za Jobim. Sasa ikiwa mwenye sauti alimtambua mwenye wimbo, sisi tunamnyang'anya kwa nini?

Nauliza kwa kuwa wimbo huu ulinilisha. Mwaka 1979 nilianza kupiga kinanda katika bendi ya hoteli moja ya ufuo wa kaskazini, nikakaa hapo miaka 14. Tulikuwa watano, mashati ya maua, chini ya meneja aliyetukataza kupiga kwa nguvu wageni wasije wakashindwa kusikia vijiko vyao. Wageni nao walikuwa na maombi yao. Walitaka "Malaika", ambao mpaka leo watu wanagombana ni nani aliyeutunga. Baada ya 1982 wakataka "Jambo Bwana", wakidhani ni wimbo wa mababu, kumbe mtunzi wake, Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, alikuwa hai na mzima na akipigia watalii kama sisi. Na walitaka Ipanema. Sisi kwa sisi tuliuita "wimbo wa supu", kwa sababu uliombwa supu ikiletwa.

Kwa miaka miwili niliupiga vibaya. Mwanzo wake hauna taabu, sikio linaushika mara moja. Taabu iko katikati, pale mwimbaji anapoacha kumtazama msichana na kuanza kujisikitikia mwenyewe. Hapo muziki unapanda nusu sauti na kuhamia nyumba nyingine kabisa, kisha unahama tena, na tena, halafu unarudi ulikotoka kana kwamba haukwenda popote. Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nikirudia kodi zile zile za mwanzo (kodi kwetu wapiga muziki ni noti zinazobonyezwa pamoja, msichanganye na ya nyumba), naye mpiga saksafoni wetu akinifunika kwa mbwembwe.

Usiku mmoja wa 1981 akaja baharia wa Brazil, mtu wa Santos, meli yake ikisubiri zamu Kilindini. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu. Tulipofika katikati ya wimbo akainuka na glasi yake mkononi, akaja hadi kwenye kinanda, akatikisa kichwa, "não, não", kisha akanisogeza vidole kimoja kimoja kama mwalimu wa chuoni anavyomshika mtoto mkono amwandikishe alifu. Tulirudia mara nne, supu za watu zikipoa. Nilipoupata akakigonga kinanda kwa kiganja, akasema: "Tom!" Nikadhani anajitambulisha. Usiku kucha nikamwita Mista Tom, naye akicheka tu. Alipokuwa anaondoka ndipo aliponiandikia nyuma ya bili: Tom Jobim. Tom ndilo jina lililomganda mtunzi huyo tangu utotoni, kwa kuwa dadake mdogo, Helena, ulimi ulimgomea kutamka Antônio.

Miaka michache baadaye tulikutana tena, mimi na huyo Tom, kwenye duka la vitu vikuukuu mjini. Katika rundo la santuri nilimwona twiga. Anakimbia peke yake uwandani, na mbingu imetiwa rangi ambayo mimi sijapata kuiona Tsavo asubuhi wala jioni. Niliinunua kwa ajili ya yule twiga. Nilipoisoma vizuri, kumbe ni Jobim, santuri ya "Wave" ya mwaka 1967, iliyorekodiwa New Jersey, na mpangaji wa ala ni Mjerumani, Claus Ogerman. Picha ile ilipigwa hapa hapa Kenya na Mmarekani, Pete Turner. Yaani muziki wa Mbrazili umesimamiwa na Mjerumani, umeuzwa na Wamarekani, na mlangoni kawekwa twiga wetu. Naye, nadhani, hakulipwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiokota habari za mtu huyu kila ninapozipata, na leo nazimwaga mbele ya mwandishi wenu asiwe na udhuru.

Alizaliwa Januari 25, 1927, mtaa wa Tijuca, Rio, akalelewa Ipanema. Jina lake moja ni Brasileiro, yaani Mbrazili, wala halikuwa la majivuno, ni la ukoo wa mamake. Wazazi waliachana. Babake akafariki mwaka 1935, na aliyemtia moyo katika kinanda ni baba wa kambo, Celso Frota Pessoa. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Hans-Joachim Koellreutter, Mjerumani aliyeihama nchi yake wakati wa Hitler na kuja na muziki wa kisasa ambao Brazil ilikuwa haijauzoea. Kijana akajaribu kusomea usanifu majengo, akauacha kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1949 akaoa, na hapo kodi ya pili ikamkaba, ile ya nyumba. Mwenyewe alikuwa akisema kuwa siku zile aliishi akikimbizana na kodi. Usiku alipiga kinanda kwenye vilabu vya Copacabana, moshi wa sigara na walevi, akirudi alfajiri. Jobim huyo ndiye ninayempenda kuliko wote, na mtu yeyote aliyewahi kuwapigia muziki watu wanaokula anamjua bila kuonyeshwa picha.

Baadaye akapata kazi ya mchana katika kampuni ya santuri ya Continental. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaandikia noti watunzi wasiojua kuziandika. Wao wanaimba, au wanagonga kibiriti mezani kupata mwendo, na yeye anaandika ili wimbo uwe na karatasi na karatasi iwe na jina. Mhariri, hiyo ndiyo kazi ninayoiombea gazeti lenu.

Kisha Villarino. Hiyo ni baa ya katikati ya Rio, na mwaka 1956 Jobim aliitwa pale kwenye meza ya Vinicius de Moraes, mshairi na mwanadiplomasia, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuutungia muziki mchezo wake wa kuigiza. Vinicius alikuwa amekichukua kisa cha Kigiriki cha Orfeu, yule mwanamuziki aliyemfuata mkewe kuzimu, akakihamishia kwa watu weusi wanaoishi kwenye vilima vya Rio. Akaeleza kirefu, kwa mapenzi. Jobim akamsikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama kuna visenti kidogo humo. Rafiki aliyewakutanisha alifadhaika, unamuulizaje mshairi mkubwa habari za pesa! Nilipokisoma kisa hicho nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko. Ni swali ambalo kila mmoja wetu amelimeza kwenye harusi alizoitwa akapige "kwa heshima ya familia".

Visenti vilikuwepo. Mchezo ulifunguliwa Septemba 25, 1956, katika Theatro Municipal, mandhari ya jukwaa yakiwa kazi ya Oscar Niemeyer, ambaye baadaye majengo yake yaliujaza mji mkuu mpya wa Brasília. Kisa hicho hicho kikazaa filamu ya Mfaransa Marcel Camus iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1959, nyimbo kadhaa zikiwa za Jobim na Vinicius.

Mtu wa tatu wa mambo haya ni João Gilberto, kijana wa Juazeiro, Bahia. Wengi wanadhani bossa nova, mtindo wa nyimbo hizi, ni samba iliyolala. Sivyo. Samba ya kanivali ni ngoma mia barabarani. Gilberto aliikusanya yote akaiweka kwenye mkono wake wa kulia, gumba likishika ngoma kubwa kwenye nyuzi nene na vidole vitatu vikikatiza juu yake pale usipotarajia. Sauti akaishusha ikawa kama ya mtu anayekwambia siri ndani ya matatu. Mwaka 1958 akarekodi "Chega de Saudade" ya Jobim na Vinicius, Jobim akipanga ala, na huo ndio wimbo ambao vijana wa Rio walijifungia nao vyumbani kujifunza gitaa. Bossa, kwa lugha ya mitaani ya kule, ni ule ujuzi wa kipekee alionao mtu katika jambo lake. Nova ni mpya.

Niruhusuni nikae kidogo kwa Newton Mendonça, maana kama Jobim amesahauliwa kwenye ukurasa wenu, huyu hata hajapata kuingia. Alikuwa rafiki wa Jobim tangu ujana, wamezaliwa mwaka mmoja, naye pia mpiga kinanda wa vilabu vya usiku, naye pia akikimbizana na kodi. Walikaa wawili kwenye kinanda kimoja, wakatunga "Desafinado" na "Samba de Uma Nota Só".

Ule wa kwanza ni utani wa mafundi. Mpenzi analalamika kuwa jamaa anaimba nje ya sauti, na jamaa anajitetea kuwa hata walioimba vibaya wana moyo. Lakini wakati akijitetea, wimbo wenyewe unamwangusha kwenye noti ambazo sikio linasema, hee, hapo umekosea, na kumbe hakukosea, ndipo hasa mtunzi alipotaka. Kuuimba vizuri ni kuonekana unauimba vibaya kwa usahihi kabisa. Wa pili ni samba ya noti moja. Kidole kinagonga pale pale, pale pale, na chini yake mkono wa kushoto unateremka ngazi nusu nusu, na kila kodi inapobadilika ile noti moja inageuka kuwa kitu kingine. Mjukuu wangu nilipomwonyesha hilo hakuniamini kuwa kidole hakijasogea.

Mendonça alikufa kwa moyo Novemba 1960, ana miaka 33. Mwaka 1962 Mmarekani Stan Getz, mpiga saksafoni, akairekodi "Desafinado" pamoja na mpiga gitaa Charlie Byrd, na Marekani nzima ikaishika bossa nova. Mwenzake Jobim alikuwepo kuona. Novemba 21 mwaka huo Jobim alipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, mara yake ya kwanza kuikanyaga Marekani. Pengo la Mendonça lilikuwa na miaka miwili kamili kasoro siku moja hivi.

Sasa huo wa Ipanema wenyewe. Hadithi ya watalii ni kuwa Jobim na Vinicius walikuwa wakinywa kwenye baa ya Veloso, msichana akapita kwenda baharini, wakautunga papo hapo kwenye karatasi ya kufutia mikono. Msichana ni kweli alikuwa akipita, na baa ni kweli walikuwa wakikaa. Lakini muziki Jobim aliutunga nyumbani kwake, kwenye kinanda, na maneno Vinicius aliyahangaikia Petrópolis, milimani. Watu hawapendi kusikia hivyo. Wanapenda wimbo uwe umeanguka kama embe, kwa sababu kitu kilichoanguka chenyewe hakina mwenyewe. Uliimbwa hadharani mara ya kwanza Agosti 1962, kwenye klabu ya Au Bon Gourmet hapo Rio, Jobim, Vinicius na Gilberto wakiwa jukwaa moja. Machi 1963 ukarekodiwa New York: Getz, Gilberto, Jobim kwenye kinanda, na Astrud, mke wa Gilberto, akiimba sehemu ya Kiingereza ambayo maneno yake ni ya Norman Gimbel. Santuri hiyo ilishinda Grammy ya albamu bora ya mwaka. Kichwa chake kina majina ya Getz na Gilberto. La Jobim liliwekwa la nyongeza, kwa herufi ndogo. Naona ugonjwa huu haukuanzia Mombasa.

Kuhusu Sinatra nitasema moja zuri: mtu huyo aliyezoea kuimba mbele ya tarumbeta ishirini alijishusha hadi akatania kuwa hajawahi kuimba taratibu hivyo tangu siku alipougua koo. Jobim alimpigia gitaa humo, ingawa yeye ni mtu wa kinanda, na hilo halikumpendeza sana. Kwa Wamarekani mtu wa Amerika ya Kusini lazima ashike gitaa.

Wako wanaosema Jobim aliishia kuwapendeza wageni. Mwaka 1968, jeshi likiwa limeshika nchi kwa zaidi ya miaka minne, yeye na mwanamuziki mwenzake Chico Buarque waliingiza wimbo wao "Sabiá" kwenye tamasha kubwa la nyimbo Rio, wimbo wa mtu aliye mbali anayetamani kurudi kwao akamsikie sabiá, ndege wa kwao, akilia. Majaji wakaupa ushindi. Umati ukazomea, ukazomea hadi waimbaji hawasikiki, kwa sababu walitaka wimbo wa Geraldo Vandré uliowasema wanajeshi waziwazi. Miezi mitatu haikupita jeshi likakaza kamba, wengi wakaikimbia nchi, na ule wimbo wa mtu aliye mbali ukawa ni wao. Chico mwenyewe alienda kukaa Italia.

Mimi nikiulizwa ni upi ulio bora, sitataja Ipanema. Nitataja "Águas de Março", maji ya Machi, wa mwaka 1972. Alikuwa akijenga nyumba shambani kwao Poço Fundo, milimani, mvua za mwisho wa kiangazi chao zikikata barabara. Wimbo hausimulii lolote. Unahesabu tu: kijiti, jiwe, mwisho wa njia, kigae, tope, gogo, chura, na sauti inateremka nayo bila kukoma kama maji yanavyotafuta mtaro. Maneno yote, muziki wote, ni wake peke yake, na hata ya Kiingereza aliyaandika mwenyewe. Utafuteni ule alioimba na Elis Regina mwaka 1974, Los Angeles, mwishoni wanaanza kucheka na kupiga miluzi wenyewe kwa wenyewe. Machi huku kwetu ni joto la kumtoa mtu shuka usiku, tunangoja mvua ya mwaka, kwa hiyo mimi huusikiliza Mei, barabara ya kwetu inapogeuka mto na kuhesabu inachobeba: ndala, chupa, gogo, paka.

Alifariki New York, Disemba 8, 1994, akitibiwa, moyo ukasimama. Miaka miwili kabla, watu wa samba wa Mangueira, wale wa ngoma mia, walimpa yeye kanivali yao nzima, wakatoka na maisha yake barabarani. Amezikwa Rio. Tangu 1999 uwanja wa ndege wa kimataifa wa mji huo unaitwa kwa jina lake, kwa hiyo kila ndege inayotua pale inatua kwa mtunzi, si kwa mwimbaji.

Namwalika mwandishi wenu Kisauni, alasiri yoyote ambayo stima ipo. Nitamwonyesha yule twiga. Kinanda changu vibonyezo vimekufa vingi, chumvi ya bahari imeshakila, lakini kwa samba ya Mendonça na Jobim noti inayotakiwa ni moja, na hiyo bado inalia. Ile sehemu ya pili, noti zinapokuwa nyingi, tutaipiga kwa mdomo.

Mpiga kinanda mstaafu,
Kisauni, Mombasa